Sarafu ya Kale Mkononi: Ni Halisi au ni Nakala?

Kati ya malalamiko yanayofika mezani kwetu, yapo yanayohusu kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Mlalamikaji huingia na sarafu aliyoifunga kwenye pembe ya leso au khanga, huifungua taratibu, kisha huuliza: je, hii ni ya kweli? Kwa bahati mbaya, mara nyingi swali hilo hutufikia fedha zikiwa zimekwisha kutoka mfukoni. Makala haya yameandikwa ili liulizwe mapema, na ili muulizaji aweze kulijibu kwa sehemu kubwa akiwa nyumbani kwake, kwa kutumia mizani ndogo, glasi ya maji, kipande cha uzi na kioo cha kukuzia.

Tutazungumzia zaidi sarafu za wakati wa Wajerumani. Nchi hii ilizitumia, na nyumba nyingi bado zina moja au mbili ndani ya sanduku la bibi. Hata neno tunalolitamka kila siku, hela, lilitokana na Heller, sarafu ndogo iliyoanzishwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1904, mia moja zikiwa sawa na rupia moja. Kitu kilichoingia katika lugha ya watu kwa kiasi hicho hakikosi kuwa na hadithi, na hadithi ndipo matapeli wanapoanzia.

Hadithi kwanza, sarafu baadaye

Mtindo wenyewe haubadiliki sana. Kijana mwenye vumbi nguoni anasema alikuwa akichimba msingi wa nyumba, au shimo la choo, akagonga chungu. Ana sarafu moja tu ya kuonyesha. Nyingine ziko mahali. Anataka fedha upesi, kwa sababu mama yake amelazwa. Punde anapita mtu wa pili, mwenye umri na heshima zake, ambaye anaomba kuiona, anashtuka, na kumvuta mlengwa pembeni: huyu kijana hajui alichonacho. Yeye anamfahamu mnunuzi anayetafuta sarafu hiyo hiyo. Mnunuzi anapigiwa simu. Sauti yake ni ya mtu asiye na shida, na bei anayoitaja ni mara kumi ya ile anayoiomba kijana. Mlengwa anakwenda kutoa akiba, au anauza mbuzi, au anakopa kwenye kikundi. Kesho yake namba zote tatu hazipatikani, naye amebaki na kipande cha shaba iliyochovywa dhahabu.

Twaomba msomaji azingatie jambo moja katika mchezo huo: hakuna hatua hata moja ambamo sarafu ilipimwa. Kilichopimwa ni huruma ya mlengwa, kisha tamaa yake. Kila mmoja wa wale watatu alikuwa na maneno ya kutosha kuzuia swali la mizani lisiulizwe. Mahali chungu kilipochimbwa, marehemu aliyeificha, Mjerumani aliyekuja kuitafuta: hayo yote hayaongezi wala kupunguza chochote katika uhalisi wa sarafu. Muuzaji akianza na hadithi, msikilize kwa adabu, kisha mwombe muda wa kupima. Akikataa, mazungumzo yamekwisha.

Sarafu ya tembo

Sarafu inayotajwa zaidi katika hadithi hizo ni ya dhahabu yenye picha ya tembo. Hii si ya kubuni. Ipo, na historia yake ni ya kweli kuliko hadithi nyingi zinazoizunguka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Uingereza zilifunga njia za bahari, na koloni la Kijerumani likakosa sarafu mpya kutoka Ulaya. Watawala walichapa noti za dharura, na mwaka 1916 sarafu zikagongwa hapa hapa, Tabora, katika karakana ya reli. Zilitolewa sarafu za shaba za heller 5 na heller 20, na ya dhahabu ya rupia 15, ambayo kwa thamani ya wakati ule ilikuwa sawa na maki 20 za Ujerumani. Dhahabu ilitoka katika machimbo ya Sekenke, eneo ambalo leo limo katika mkoa wa Singida. Kazi ilidumu miezi michache tu, kwani Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Sarafu za dhahabu zilizogongwa zilikuwa 16,198.

Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, na chini yake mwaka 1916 pamoja na herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili una tai wa dola ya Kijerumani, jina DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani ya 15 RUPIEN. Uzito wake ni gramu 7.168. Dhahabu yake ni sehemu 750 katika kila sehemu 1,000, kiwango ambacho masonara hukiita karati 18. Maana yake ni kwamba ndani ya sarafu moja mna dhahabu safi gramu 5.376. Kipenyo ni takriban milimita 22, yaani ni sarafu ndogo. Aliyeletewa sarafu ya tembo iliyo kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda anaweza kuokoa muda wake papo hapo.

Kwa kuwa ni chache, wakusanyaji huilipia zaidi sana ya thamani ya dhahabu iliyomo. Hata hivyo bei hiyo haifikii mamia ya mamilioni ya shilingi yanayotajwa vijiweni. Anayetaja kiasi hicho, ama hajui, ama ana sababu ya kukitaja.

Kuna jambo dogo ambalo limewahi kuwafanya watu waaminifu wagombane bure. Sarafu hii ina aina mbili. Upande wa tai una pambo la majani yanayojikunja. Katika aina moja, ncha ya kulia ya pambo hilo huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika aina ya pili huishia chini ya A inayoifuata T hiyo. Zote mbili ni halisi. Kwa hiyo sarafu kutofautiana na picha uliyoonyeshwa kwenye simu si ushahidi wa kughushiwa, kama vile kufanana nayo kusivyo ushahidi wa uhalisi. Mwenye kughushi naye anayo picha hiyo.

Mizani na glasi ya maji

Hiki ndicho kipimo ambacho tungependa kila msomaji akijue, kwa sababu kinagharimu kidogo na hakiharibu sarafu. Kinahitaji mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama zile zinazotumiwa na masonara. Ukiazima kwa mfanyabiashara, angalia kama ina alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani inayodanganya kwenye mchele itadanganya kwenye dhahabu pia.

Kwanza pima sarafu ikiwa kavu na uandike uzito. Kisha weka glasi yenye maji juu ya mizani, na urudishe usomaji kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uishushe ndani ya maji hadi izame yote, lakini isiguse chini wala ubavu wa glasi. Wewe ndiye unayeishikilia. Mizani itaonyesha namba ndogo. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa gramu moja, hiyo ndiyo namba ya ujazo wa sarafu yako. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hii. Jibu unalopata ni densiti ya madini.

Tuchukue sarafu ya tembo. Dhahabu ya karati 18 ina densiti inayokaribia 15.5, ikipanda au kushuka kidogo kutegemea imechanganywa na fedha kiasi gani na shaba kiasi gani. Kwa gramu 7.17, mizani inapaswa kuonyesha takriban 0.46 sarafu ikiwa majini. Sasa tuchukue shaba ya njano, ambayo densiti yake iko karibu na 8.5. Sarafu ya shaba hiyo yenye ukubwa uleule wa sarafu ya Tabora ingekuwa na uzito wa gramu 4 hivi, na ingeumbuka hata kabla ya maji. Mghushi anayetaka uzito ufike gramu 7.17 analazimika kuifanya iwe nene karibu mara mbili, nayo majini itaonyesha takriban 0.84. Risasi ina densiti ya 11.3, nayo inashindwa. Rangi ya juu haina nafasi katika hesabu hii, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: dhahabu iliyochovywa juu hudanganya macho, jiwe la sonara lililosuguliwa kijuujuu, na hata baadhi ya mashine, lakini maji huyasukuma kwa kadiri ya kilicho ndani.

Fanya kipimo mara tatu. Sarafu ikiwa ndogo, kosa la 0.01 lina uzito wake, na povu moja la hewa lililonasa chini ya mkonga wa tembo linatosha kuharibu jibu. Chovya sarafu, itikise polepole hewa itoke, kisha usome.

Kwa sarafu za fedha hesabu ni ileile. Rupia ya fedha ya Kijerumani, ile yenye picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma, ina uzito wa gramu 11.66 na fedha sehemu 917 kwa 1,000. Densiti yake ni kama 10.3, na majini itaonyesha karibu 1.13. Ile ya rupia 2 ina gramu 23.32, iligongwa mwaka 1893 na 1894 tu, ni adimu, na kwa sababu hiyohiyo imeghushiwa sana. Mtu akikuletea rupia 2 zenye miaka mingine, huna haja ya maji.

Watu hutuuliza kuhusu sarafu iliyochakaa. Ni kweli kwamba sarafu iliyopita mikononi kwa miaka mingi hupungua uzito, na rupia ya gramu 11.4 isitupwe kwa sababu hiyo pekee. Lakini densiti haichakai. Sarafu ya fedha iliyolika hadi uso wa Kaisari ukafutika bado itatoa jibu lilelile la 10.3, kwa kuwa ikipungua uzito inapungua na ujazo.

Kuhusu sumaku, tunasema kwa kifupi. Sarafu inayoruka kwenda kwenye sumaku ina chuma ndani, na si ya dhahabu wala ya fedha. Isiyoruka haijathibitisha lolote, maana shaba na risasi nazo hazivutwi. Wapo wauzaji wanaotembea na sumaku mfukoni na kuionyesha kwa mbwembwe. Sasa msomaji anajua kwa nini. Kuing'ata sarafu kwa meno, kama tunavyoona kwenye filamu, kunaharibu vitu viwili kwa pamoja.

Iliyogongwa na iliyosubiwa

Sarafu ikishavuka maji, ndipo macho yaanze kazi. Sarafu halisi za karne mbili zilizopita ziligongwa: kipande cha madini kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kubanwa kwa nguvu kubwa. Nakala nyingi za bei rahisi husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu iliyotengenezwa kutokana na sarafu halisi. Njia hizo mbili huacha alama tofauti, na kioo cha kukuzia mara kumi kinazionyesha.

Iliyosubiwa huwa na vitundu vidogo vidogo usoni, kama ngozi ya chungwa au chapati iliyopikwa kwa moto mdogo. Kingo za herufi zake ni laini, zimejaa, hazina ukali. Geuza sarafu upande wa ukingo wake na uizungushe polepole kwenye mwanga: ukiona mstari mwembamba unaoizunguka, au mahali palipopigwa tupa ili kuuondoa mstari huo, hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ikiwa muuzaji ana sarafu mbili, zilinganishe. Sarafu mbili halisi hazitakuwa na mkwaruzo uleule mahali palepale, lakini nakala zilizotoka katika kalibu moja hurithi makovu ya mama yao.

Kwa sarafu ya Tabora tunaongeza tahadhari ya kinyume. Haikutoka katika kiwanda cha Berlin au Hamburg, ambako mihuri na mashine zilikuwa za hali ya juu. Ilitoka karakana ya reli, katika nchi iliyozingirwa na vita. Kutokuwa sawa kidogo, herufi iliyofifia upande mmoja, uso usiong'aa kama kioo: hayo ni ya kawaida kwake. Inayoonekana kamilifu mno, kana kwamba imetoka dukani asubuhi ya leo, ndiyo inayostahili maswali zaidi.

Tena, kuna nakala zinazogongwa kwa dhahabu ya kweli ya karati ileile. Mtengenezaji hapati faida kwenye dhahabu. Anaipata kwenye ile tofauti kati ya bei ya dhahabu na bei ya wakusanyaji. Sarafu ya namna hiyo itavuka mizani, itavuka maji, na mwenye nayo atakuwa na dhahabu gramu 5.376, lakini hatakuwa na sarafu ya mwaka 1916. Hapo kipimo cha nyumbani kinafika mwisho wake. Kinachoamua ni mtaalamu anayelinganisha mihuri, herufi kwa herufi, na sarafu zinazojulikana asili yake. Kwa hiyo tunashauri hivi: bila hati ya mtaalamu wa aina hiyo, usilipe zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo kwa bei ya siku.

Mwaka ulioandikwa

Mfano mzuri kuliko wote wa kutofautisha mwaka na umri ni reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke mnene aliyejifunika ushungi. Babu zetu wa pwani na Unguja waliifanyia biashara, kama walivyofanya watu wa Oman, Yemen na Ethiopia. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, malkia wa dola ya Austria, aliyefariki Novemba 1780. Sarafu yake ilikuwa imeaminika mno kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu kiasi kwamba hawakutaka nyingine, na hivyo ikaendelea kugongwa baada ya kifo chake ikiwa na mwaka uleule, 1780. Vienna iliigonga. Katika karne ya 20 iligongwa pia Roma, Paris, London, Birmingham, Brussels na Bombay. Vienna inaigonga mpaka leo.

Basi, mtu anapokuja na reale akasema ina umri wa miaka zaidi ya 200 kwa kuwa imeandikwa 1780, anaweza kuwa anasema kweli, anaweza kuwa amedanganywa, na anaweza kuwa anatudanganya. Mwaka ule hautamsaidia wala hautatusaidia. Zilizo nyingi ni za baadaye sana. Si bandia, kwa maana fedha yake ni kamili: uzito gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000, densiti kama 10.2, na majini takriban 2.75. Thamani yake kwa kawaida ni ya fedha iliyomo, zaidi kidogo ya gramu 23. Nakala za nikeli na shaba zenye ukubwa uleule huwa na upungufu wa gramu tatu hadi nne, jambo ambalo hata mizani ya jikoni huligundua.

Atakaye kuiangalia zaidi, atazame ukingo. Reale halisi ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka kwenye ukingo wake, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Chini ya kifua cha malkia kuna herufi S.F., na bruchi ya begani imezungukwa na lulu tisa ambazo wafanyabiashara wa zamani walikuwa na desturi ya kuzihesabu kabla ya kupokea malipo. Ukingo ndio unaowashinda waghushi wengi, kwa sababu wao humfikiria mnunuzi anayetazama uso.

Ambazo hazikuwahi kuwepo

Kundi la tatu linatusikitisha zaidi, kwa kuwa linawagharimu watu fedha nyingi kuliko yote na halihitaji hata mizani. Ni vipande vya shaba vyenye jina la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, miaka kama 1616, 1717 au 1818, na upande wa pili picha za miungu ya Kihindu. Kampuni hiyo haikuwahi kutoa vipande vya shaba vya namna hiyo. Vipande hivyo ni vya ukumbusho wa mahekalu, au vimetengenezwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wasiojua. Hata hivyo hunadiwa kwamba vina nguvu, kwamba huvuta mchele, kwamba huzima tochi, na kwamba shirika fulani kubwa la nchi za nje linavitafuta kwa ajili ya vyombo vya anga.

Hakuna madini ya sarafu yanayovuta mchele. Tuliwahi kuulizwa, "Lakini mimi niliuona mchele ukivutwa." Hatukubishana na muulizaji, tulimwuliza mchele ulikuwa wa nani. Ulikuwa wa muuzaji. Mchele uliochanganywa na unga wa chuma utaifuata sumaku popote, na sumaku yaweza kufichwa chini ya sahani. Aende na mchele wake.

Ukiwa wewe ndiye mwenye sarafu

Hatari haiko upande wa mnunuzi pekee. Mtu anayemiliki sarafu halisi hutembelewa na wanunuzi bandia. Huyu hutaja bei kubwa mno, kisha huomba ada: ya kipimo, ya cheti, ya kibali, ya nauli ya mtaalamu kutoka nje. Kila ada ikilipwa huzaa nyingine. Mnunuzi wa kweli humlipa muuzaji, hamtozi. Usitume fedha kwa njia ya simu kwa ajili ya kuuza mali yako mwenyewe, wala usimkabidhi mtu sarafu aende nayo "kuipima" huku wewe ukibaki na namba yake ya simu.

Usiisafishe. Limau, majivu, dawa ya meno na mchanga huondoa rangi ya miaka mingi ambayo wakusanyaji huitafuta, na huacha mikwaruzo isiyofutika. Tumeona sarafu nzuri ya heller iliyosuguliwa kwa siku nzima na mjukuu mwenye nia njema. Ilipomalizika ilikuwa inang'aa sana, na haikuwa na mnunuzi. Ishike kwa kingo zake, iweke katika bahasha ya karatasi kavu, mbali na chumvi na plastiki laini.

Kipimo cha madini unaweza kukipata kwa sonara unayemwamini au kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini tangu mwaka 2019, ambako kuna mashine zinazosoma kiwango cha dhahabu kwa mionzi. Ujue tu kwamba mionzi hiyo husoma tabaka la juu. Sarafu iliyochovywa kwa unene wa kutosha yaweza kuidanganya mashine, kwa hiyo jibu lake lisomwe pamoja na la maji. Kwa historia na umbo, wasiliana na Makumbusho ya Taifa.

Liko pia suala la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, zilizogongwa karne nyingi zilizopita na ambazo hadi leo huokotwa baada ya mvua katika magofu ya pwani, zimo ndani ya ulinzi huo. Aliyeokota anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka, na hapaswi kuiuza wala kuisafirisha nje bila kibali. Muuzaji anayejisifu kwamba sarafu yake imetoka kaburini au kwenye gofu la msikiti wa kale anatangaza, pengine bila kujua, kwamba hana haki ya kuiuza; na anayeinunua anajiingiza naye.

Unaponunua kihalali, dai risiti yenye jina la muuzaji, maelezo ya sarafu, uzito wake na neno "halisi" likiwa limeandikwa. Muuzaji aliyetayari kulitamka neno hilo lakini hayuko tayari kuliandika amekwisha kukujibu. Na ikiwa umekwisha kudanganywa, usiitupe sarafu kwa hasira, wala usijaribu kumwuzia mwingine ili urudishe fedha zako, maana hilo nalo ni kosa. Ihifadhi pamoja na ujumbe wa muamala wa simu, namba ulizopigiwa, na tarehe. Peleka vyote kituo cha polisi, upewe namba ya taarifa, kisha utuletee nakala. Tunapopokea vipande viwili au vitatu kutoka kwa watu wasiofahamiana, vikiwa na kovu moja mahali palepale, tunaweza kuonyesha kwamba vilitoka katika kalibu moja.